Ya Mama na ya Mama Mdogo

3 Februari 1991

Mdogo wangu,

Nimefika, nimepata kitanda, na kazi ni ileile waliyoniahidi: dobi wa hospitali. Mashuka yanaingia machafu mlango huu, yanatoka yamenyooka mlango ule, na katikati nipo mimi na pasi. Mikono imeshaanza kuchubuka, lakini mshahara ni wa uhakika, na tangu baba yake Chiriku alipoondoka bila kuaga, uhakika ndio kitu pekee ninachokitafuta.

Najua wiki hii mwanangu anaanza darasa la kwanza na mimi sipo. Mfunge viatu vizuri, cha kushoto humponyoka. Na mwambie apunguze mdomo, mwalimu si mteja wako wa saluni.

Sasa sikiliza, tugawane kazi mapema tusije tukakwaruzana. Kula, kuoga, adabu, homa na nywele ni zako. Hesabu ni zangu. Usicheke. Wewe na hesabu mnasalimiana kwa mbali tangu utotoni, na shuleni ulikuwa unanakili kwangu mpaka jina langu. Katika kila barua nitaweka karatasi ya maswali yake. Atayafanya, utanirudishia, nitasahihisha kwa kalamu nyekundu. Posta ni wiki mbili na ushee, lakini hesabu hazichachi.

Nataka kitu kimoja katika mtoto huyu kibaki changu. Wewe utakuwa naye asubuhi na jioni, utayaona meno yake yakitoka na mengine yakiota. Hicho kimoja niachie.

Dada yako


17 Machi 1991

Dada,

Karatasi yako imechelewa, usinune. Ulimwandikia ahesabu mpaka kumi, na kumi ameshaipita zamani. Anahesabu rola, anahesabu vichana, anahesabu vichwa vya wateja, na juzi alihesabu meno ya mama mmoja aliyekuwa anapiga miayo kwenye kiti changu. Wateja wanampenda ila siku hizi wanafunga midomo.

Jumanne alikuwa ananipangia rola mezani. Nikamsikia: "Kumi na nane, kumi na tisa, kumi na kumi." Nikasema umesemaje? "Kumi na kumi. Halafu kumi na kumi na moja." Nilicheka mpaka mteja akaruka, akidhani nimemuunguza sikio. Mwanao akanigeukia na mikono kiunoni: "Mama Mdogo, kwani uongo? Si ni kumi na kumi?" Na kweli si uongo. Nikamwambia hizo kumi mbili zikikaa pamoja zina jina lao, zinaitwa ishirini. Akakunja uso, akataka kujua nani alilitoa hilo jina na kwa nini hakuulizwa mtu.

Sikumfundisha, dada. Alifika mwenyewe, mimi nilikuwa karibu tu.

Mdogo wako


5 Mei 1991

Mdogo wangu,

"Mimi nilikuwa karibu tu." Hilo neno nimelisoma mara tatu.

Nilimsomea mwenzangu wa chumbani habari ya kumi na kumi, tukacheka wote wawili. Halafu yeye akarudi kwenye sahani yake na mimi chakula kikanishinda. Ile ilikuwa yangu! Ungeniandikia: dada, mtoto anasema kumi na kumi, nimwambieje? Ningekujibu. Najua, najua, jibu lingechukua mwezi na mtoto angekaa mwezi mzima kwenye kumi na kumi. Angekaa! Hakuna aliyekufa kwa kukosa ishirini.

Naona gere, na sioni haya kukuambia. Kila nikikunja shuka nafikiri sasa hivi anahesabu kitu, na wewe umesimama hapo na kichana chako, unasikia bure.

Karatasi ya safari hii ni ya kujumlisha. Asitumie vidole. Mwalimu wangu mimi alikuwa anatukalisha juu ya mikono.

Dada yako


20 Septemba 1992

Dada,

Yuko la pili na makumi na mamoja yamemwingia sawasawa. Shuleni wanatumia vijiti, hapa tunatumia rola. Zikifika kumi tunazifunga kwa mpira wa nywele, zinakuwa fungu moja. Zinazobaki zinakaa huru mezani. Kwa hiyo thelathini na nne ni mafungu matatu na rola nne. Akiwa anajumlisha na zile huru zikafika kumi, anapiga kelele "Fungaa!" na mimi namrushia mpira, hata kama nina kichwa cha mtu mkononi. Wiki iliyopita mteja mmoja mwenye haraka aliondoka amesukwa upande mmoja tu. Amerudi leo na upande wa pili, na ulimi.

Na usidhani wivu ni mali yako peke yako. Karatasi zako anazilalia chini ya mto. Zangu hana, maana mimi sina karatasi, nina domo. Ukimwandikia "Safi sana mwanangu" kwa hiyo nyekundu yako, anaizungusha saluni nzima mpaka kwa watu walio na povu machoni. Mimi nikimwambia safi sana, ananijibu, "Wewe hujui, ngoja Mama aseme." Mimi ninayemfuta kamasi!

Barua yake hii hapa ndani. Nimemfanya aiandike upya, ya kwanza ilikuwa na madoa ya mafuta ya nywele na maneno ya kijiweni. Sitaki useme namlea ovyo.

Mdogo wako


14 Februari 1993

Mdogo wangu,

Barua zake nazisoma moja baada ya nyingine. "Mama mpendwa, ninaendelea vyema na masomo." Ana adabu kama karani wa mahakama. Nakushukuru kwa malezi, nasema kutoka moyoni.

Sasa yuko la tatu, na zinaanza hesabu za kutoa za kweli, zile ambazo tarakimu ya chini ni kubwa kuliko ya juu. Hizi ndizo zilizokutoa machozi wewe, kwa hiyo nakuomba ukae kando. Njia ni hii. Hamsini na mbili toa ishirini na saba. Mbili haitoi saba, basi ikopeshe kumi iwe kumi na mbili. Kumi na mbili toa saba, tano. Deni hulipwa: ile mbili ya chini, ya ishirini, iongeze moja iwe tatu. Tano toa tatu, mbili. Jibu ni ishirini na tano. Kopa, lipa, basi. Nilifundishwa hivyo kwa kiboko na sijakosea mpaka leo.

Nimemwandikia vivyo hivyo kwenye karatasi yake, na chini nimemchorea ua.

Dada yako


30 Aprili 1993

Dada,

Kopa lipa yako imefika na imekuta wenyewe wana yao. Shuleni wanafungua fungu. Hamsini na mbili ni mafungu matano na rola mbili. Unataka kutoa saba, rola mbili hazitoshi, basi unafungua fungu moja. Mafungu yanabaki manne, rola zinakuwa kumi na mbili. Toa saba, tano. Mafungu manne toa mawili, mawili. Ishirini na tano, ileile ya kwako. Na dada, hii hata mimi nimeielewa! Umri wangu huu ndiyo kwanza najua ile kumi inatoka wapi. Kwenye hiyo yako mtu analipa deni ambalo sikuona nani alimkopesha.

Lakini ya kwako sikumkataza, Mungu anaona. Nimemwambia zote ni nzuri. Nikimwona anafungua fungu nafurahi, siwezi kuuficha uso wangu, lakini mdomo nimeufunga.

Alama zake ni za kawaida, usijali.

Mdogo wako


11 Julai 1993

Wewe,

Za kawaida? Karatasi alizonirudishia hazina hata moja iliyo sahihi. Themanini na tatu toa arobaini na sita, kaandika ishirini na saba. Sitini na nne toa thelathini na nane, kaandika kumi na sita. Kila jibu limepungua kumi, karatasi nzima! Nimemwandikia LIPA DENI kwa herufi kubwa, na naona amelipa, ile moja ameiongeza chini kama nilivyomwelekeza, na bado anakosa. Maana yake nini? Maana yake kuna mtu hapo anamvuruga na rola zake.

Nilikuomba kitu kimoja. Unaye asubuhi, unaye jioni, anakuita Mama Mdogo mbele ya watu, na bado ukaona na hiki kidogo nisibaki nacho. Hicho ni kijiba cha roho. Kama unataka mtoto wa kumfundisha kutoa, zaa wako.

Dada yako


2 Agosti 1993

Dada,

Nimesoma.

Wangu sikujaliwa, na unajua, maana wewe ndiye uliyenishika mkono siku ile hospitalini.

Karatasi zako nimempa. Tangu barua yako ifike sijamwambia neno lolote la hesabu. Rola nimezifungia kabatini. Mtoto anakula, anaoga, ana adabu.

Msusi


4 Oktoba 1993

Kwa mama mzazi na kwa mama mlezi wa mwanafunzi wangu, nakala moja kwa kila mmoja.

Si desturi yangu kuwaandikia wazazi, nina wanafunzi wengi kuliko madawati. Lakini mtoto huyu alikuwa anaongea kama redio na sasa haongei. Na katika kutoa anakosa kila swali kwa namna ileile. Mvivu hukosa ovyo ovyo. Huyu ana sababu, nikataka kuijua.

Ijumaa nilimwita mezani kwangu nikamwambia afanye kwa sauti. Hamsini na mbili toa ishirini na saba. Akaikata ile tano ya juu, akaandika nne. "Hapa nafungua fungu la Mama Mdogo." Kumi na mbili toa saba, tano. Kisha akashuka chini, ile mbili akaifanya tatu. "Na hapa nalipa deni la Mama." Nne toa tatu, moja. Jibu lake, kumi na tano.

Akina mama, njia zenu ni sahihi zote mbili. Nimezifundisha zote, kutegemea nani yuko wizarani. Lakini ni ama hii ama ile. Ukifungua fungu, deni hakuna. Ukizifanya kwa pamoja unaondoa kumi mara mbili, ndiyo maana kila jibu lake linapungua kumi.

Nilimweleza hivyo akaelewa papo hapo, si mjinga hata kidogo. Nikamwambia, basi acha moja. Akachezea kifungo cha sare. Halafu akaniuliza, "Nimwache nani?"

Swali hilo halimo katika kitabu cha darasa la tatu. Nawaachia ninyi.

Mwalimu wa hesabu


24 Oktoba 1993

Mdogo wangu,

Barua ya mwalimu niliisomea kwenye pasi, shuka likaungua mpaka msimamizi akaja anakimbia. Hata sikumsikia anavyonifokea.

Neno nililokuandikia Julai siwezi kulirudisha. Nalichukia. Nilikuwa naumwa na wivu nikachukua kitu kinachokuuma zaidi nikakupiga nacho, na wewe hukunifanyia lolote zaidi ya kukaa na mwanangu.

Fungua kabati, mtolee rola. Mwambie Mama amesema afungue fungu, ile kopa lipa aiache, ni ya kizamani.

Dada yako


24 Oktoba 1993

Dada,

Nina hasira na wewe bado, tena nyingi, na nitakuwa nazo kwa muda, nivumilie. Lakini hili ni la mtoto.

Nimemkalisha nikamwambia afuate kopa lipa. Wewe ndiye uliyemzaa, na hii ya kwangu ni ya juzi tu. Mafungu tumeyafungua, rola nimezirudishia kazi yake ya vichwa.

Mdogo wako


28 Novemba 1993

Mdogo wangu,

Barua zetu zimepishana njiani! Sasa mimi nimemwambia afuate yako, na wewe umemwambia afuate yangu. Masikini mwanangu. Amefanyaje?

Dada yako


19 Desemba 1993

Dada,

Nilipomsomea barua yako ile ya Oktoba alinitazama, akaitazama na barua, akasema, "Nyinyi watu!" Akachukua daftari akaenda zake kwa mwalimu. Sasa anafuata ya mwalimu. Ya mwalimu ni kufungua fungu, ila nimekatazwa kuiita yangu.

Mtihani wa kufunga mwaka kapata zote za kutoa. Mdomo umerudi. Na kila kitu humu ndani ni "Mwalimu amesema". Maji ya kunywa, Mwalimu amesema. Kulala, Mwalimu amesema. Mimi huyo mwalimu nimeanza kumchukia. Wewe je?

Mdogo wako


6 Agosti 1995

Dada,

Umelalamika sikuandikii ya kutosha, basi leo kaa chini.

Jedwali la kuzidisha alilimaliza mwaka jana akiruka kamba, saba mara nane, hamsini na sita, ruka! Kugawanya kulitutoa jasho, kulikuwa kurefu kuliko foleni ya hospitali yako. Nasema "kulitutoa" kwa sababu na mimi nilikuwemo. Nimekaa naye tangu la kwanza, dada, na sijui lini ilianza, ila sasa nikikosa usingizi wa mchana nafanya maswali yake ya nyuma.

Mwaka huu, la tano, ni sehemu. Alhamisi nilimwambia nusu jumlisha theluthi ni rahisi: moja na moja mbili, mbili na tatu tano, jibu mbili ya tano. Akapiga meza mpaka vichana vikaanguka. "Mama Mdogo! Mbili ya tano ni ndogo kuliko nusu! Umejumlisha ukapunguza?" Nikabisha. Akabisha. Akachukua karatasi akaikata: vipande vya ukubwa tofauti huwezi kuvihesabu pamoja, lazima kwanza uvikate vyote vilingane, kila kimoja kiwe moja ya sita. Tatu ya sita na mbili ya sita, tano ya sita. Wateja waligawanyika, wengine kwangu, wengine kwake. Wa kwangu walinikimbia.

Mdogo wako


10 Septemba 1995

Mdogo wangu,

Nimepata chumba cha peke yangu, kina dirisha na mlango unaofungwa. Karibu yake kuna shule. Desemba nakuja na nikiondoka naondoka na Chiriku. La sita atalisoma huku.

Najua ulichonifanyia, na hakuna namna ya kukulipa. Lakini ile barua yako ya sehemu nimeisoma mpaka imechanika kwenye mkunjo. Vichana vinaanguka, wateja wanashangilia, na mimi niko wapi? Niko kwenye bahasha. Nikichelewa tena atakuwa wako kabisa, nami nitakuwa mtu anayetuma maswali.

Usinikasirikie.

Dada yako


1 Oktoba 1995

Dada,

Ni wako, sina la kusema. Ninalo, lakini nikianza sitamaliza.

Nimemwambia. Akauliza shule ya huko wamefika ukurasa wa ngapi. Mbele yake sikulia. Nililia nikiosha kichwa cha mteja, nikasema ni sabuni.

Njoo.

Mdogo wako


14 Januari 1996

Mdogo wangu,

Hukuniuliza kwa nini niliondoka peke yangu, na mimi nilisingizia kwamba chumba bado kinavuja. Chumba hakivuji. Tiketi nilikuwa nazo mbili. Nimesafiri na kiti kitupu kando yangu njia nzima, kondakta akauliza mwenzako yuko wapi, nikasema yuko shule.

Ni ile Jumatano. Ulikuwa unamaliza kichwa cha yule mama mnene, Chiriku amekaa mezani na sehemu zake. Akaniita, "Mama, samahani, naomba unisaidie hapa." Nilikuja mbio. Nikakaa, nikamweleza, nikamwandikia vizuri mpaka jibu. Akaitikia kwa kichwa. "Asante, Mama. Pole kwa usumbufu." Nikanyanyuka nikaenda kuanika nguo, najiona nimekuwa mama.

Nilikuwa nyuma ya ukuta nilipowasikia. "Siyo hivyo! Mama Mdogo, wewe mbishi, leta kalamu!" Meza ikapigwa. Ukamwambia utamchapa, akacheka kile kicheko cha kukatika pumzi. Lilikuwa swali lilelile, mdogo wangu. Lile nililomweleza. Hakuwa ameelewa hata kidogo, akanishukuru, akasubiri nitoke, akaja nalo kwako.

Mimi ananishukuru. Wewe anakugombeza. Nilisimama pale na shuka lililojaa maji linanidondokea miguuni, nikakuonea wivu kuliko siku zote hizi za nyuma. Kumi na kumi ilikuwa mzaha. Nilitaka kuingia nimwambie, na mimi nigombeze, nipigie na mimi hiyo meza, nimekukosea nini? Nikaona nikimchukua nitaondoka na "asante Mama" na adabu zake zote, na ile sauti ya nyuma ya ukuta itabaki kwako hata kama mwenyewe hayupo. Ndiyo maana nilikwenda peke yangu. Usiniambie nilifanya vizuri. Sikufanya kwa wema, nilifanya kwa sababu nilishindwa.

Nakuomba jambo moja. Barua zake usizisahihishe tena. Ziache na mafuta yake, ziache na maneno ya kijiweni, hata kama hakuna salamu. Mwache aandike anavyoongea.

Nimeweka karatasi ya desimali, na majibu yangu nyuma ili ajisahihishe.

Dada yako


3 Machi 1996

Mama,

Mama Mdogo amesema niandike ninavyotaka na hatasoma. Anajifanya anafagia lakini anafagia hapahapa tu.

Karatasi yako nimeifanya yote halafu nikageuza nyuma. Mama, swali la saba umekosea! Nukta tatu mara nukta mbili umeandika nukta sita. Umefanya tatu mara mbili sita, ukabandika nukta, basi, kama mtu anayekimbilia basi. Fikiria kwanza. Nukta tatu ni ndogo. Unachukua kipande chake tu, hata nusu yake haifiki, utapataje kikubwa kuliko chenyewe? Ukikata kitu vipande kumi, halafu kila kipande ukakikata tena vipande kumi, unapata vipande mia. Kwa hiyo ni sita ya mia. Nukta sifuri sita. Mimi nilikuwa nimeandika hivyo, nikaona majibu yako nikafuta ya kwangu nikaandika ya kwako, nikampelekea Mwalimu, akanicheka mbele ya darasa zima. Nimekasirika sana na bado nimekasirika.

Na jambo lingine. Ulipokuja ulinieleza sehemu harakaharaka, mimi nikasema asante kwa sababu Mama Mdogo alisema nikuonyeshe adabu. Wewe ukanyanyuka ukaenda kuanika nguo. Nikakungoja, hukurudi, nikamuuliza yeye. Kwa nini uliondoka? Nilikuwa bado sijamaliza kuuliza.

Rudia la saba. Onyesha njia, siyo jibu tu. Na usilitume posta, lilete mwenyewe, maana nitakuwa na maswali.

Chiriku